Maswali ya Wasomaji kwa Daktari wa Ngozi: Kufuta Tatuu kwa Leza

Barua kuhusu kufuta tatuu zimekuwa nyingi kiasi kwamba nimeamua kuzipa ukurasa wote wa toleo hili. Nimechagua saba, nimezifupisha bila kugusa kiini chake, na nimeondoa majina ya walioziandika. Karibu kila mwandishi anauliza idadi ya vikao, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu zile wiki zilizo kati ya kikao na kikao, ilhali humo ndimo kazi kubwa inamofanyika. Nitalirudia jambo hilo zaidi ya mara moja, na naomba mnivumilie.

Daktari, nilichorwa jina la mtu kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, nikiwa na miaka 19. Ni wino mweusi mtupu. Sasa nina miaka 31, nimeolewa, na kila ninapokunja mikono ya gauni kuosha vyombo, jina lile linanikodolea macho. Kliniki moja imeniahidi kwamba vikao vitatu vitatosha na ngozi itarudi kama nilivyozaliwa. Naomba unieleze kinachotokea tangu siku ya kwanza, na kama ahadi hiyo ni ya kweli.

Dada yangu, nianze na ahadi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuumiza. Hakuna anayeweza kukuhakikishia idadi ya vikao kabla hajaona jinsi ngozi yako inavyoipokea leza na jinsi inavyopona, na anayekutajia vitatu kwa tatuu iliyochorwa na fundi kwa mashine hakutendei haki. Tatuu ya namna hiyo, hata ikiwa nyeusi tupu, kwa kawaida huhitaji vikao 6 hadi 12, na wapo wanaovuka hapo. Tatuu za kienyeji, zile zilizochomwa kwa sindano ya mkono na wino haba, hufifia mapema zaidi. Watafiti wa Italia waliofuatilia watu 352 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012 waliona kwamba baada ya vikao 10 chini kidogo ya nusu ya watu hao ndio waliokuwa wameondokewa na tatuu, na baada ya vikao 15 ni kama robo tatu. Sikutajii haya ili nikukatishe tamaa. Nakutajia ili ukianza, uanze ukijua urefu wa njia na uwe umejipanga kwa muda na kwa fedha, kwa kuwa malipo huwa ni ya kila kikao.

Sababu ya urefu huo utaielewa ukijua wino umekaa wapi. Sindano ya mchoraji hupita tabaka la juu la ngozi, lile linalobanduka na kuzaliwa upya kila baada ya wiki chache, na kuuacha wino kwenye tabaka la kati, kina cha milimita moja hadi mbili, mahali ambapo hakuna kinachobanduka. Mwili huuona wino huo kuwa ni mgeni, na seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu huja na kuumeza, lakini haziwezi kuusaga. Hubaki zimekaa palepale na shehena yao. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hizo zikifa huutema wino, na seli changa zinazochukua nafasi zao huumeza tena hapohapo kabla haujaenda popote. Ndiyo maana jina ulilochorwa miaka 12 iliyopita bado linasomeka, ijapokuwa seli zilizolibeba siku ya kwanza huenda zilikwisha kufa zamani.

Leza haiufuti wino kama raba inavyofuta penseli. Inachofanya ni kuupasua. Mwanga wake hupita tabaka la juu, ukamezwa na chembe za wino, na kwa kuwa kila pigo hudumu nanosekunde chache tu, yaani sehemu chache za bilioni moja za sekunde, chembe hizo hupata joto kali la ghafla na kupasuka vipande kabla joto halijasambaa kwenye nyama ya jirani. Ili ujue ufupi wa muda huo, katika nanosekunde 5 mwanga wenyewe husafiri mita moja na nusu tu. Kidole kinachopita upesi katikati ya mwali wa mshumaa hakiungui, lakini kikitulia hapo kitaungua. Kanuni ni iyo hiyo, na walioieleza kisayansi kwa mara ya kwanza ni Rox Anderson na John Parrish wa Marekani mwaka 1983. Siku hizi kuna leza zenye mapigo mafupi zaidi, yanayopimwa kwa pikosekunde, yaani sehemu za trilioni moja za sekunde, ambazo ziliidhinishwa kwa kazi hii nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2012. Mara nyingi hupunguza idadi ya vikao, hasa kwa rangi za kijani na buluu, lakini kwa wino mweusi leza ya nanosekunde iliyo mikononi mwa mjuzi bado ni chombo kizuri.

Baada ya kupasuliwa, vipande huwa vidogo kiasi kwamba seli za kinga zinaweza kuvibeba na majimaji ya mwili kuvipeleka hadi kwenye tezi za limfu, zile zile ambazo zikivimba kwenye kwapa huitwa mitoki. Sehemu ya wino hubaki humo, na nyingine hutolewa polepole. Hii ndiyo kazi ninayoisema kwamba hufanyika kati ya kikao na kikao: leza huchukua dakika chache, mwili wako huchukua wiki na miezi.

Sasa siku yenyewe. Utakaribishwa kwenye chumba ambacho kioo cha ukutani kimeondolewa au kufunikwa na mlango umefungwa, kwa sababu mwanga huo ukirudi kutoka kwenye kitu kinachong'aa unaweza kumpofusha mtu. Utavishwa miwani maalumu, na kila aliye chumbani atavaa yake. Kama kuna mtu amesimama bila miwani, inuka uondoke, sitanii. Mkono wako utasafishwa, utapigwa picha, na huenda ukapakwa krimu ya ganzi ikaachwa kwa muda kabla ya kuanza, huku hewa baridi ikipulizwa juu ya ngozi. Maumivu wengi huyafananisha na kuchapwa na utepe wa mpira, au kurukiwa na matone ya mafuta ya moto, pigo baada ya pigo. Utasikia mlio wa kudatadata, na kama mkono una vinyweleo utasikia harufu ya nywele zilizoungua. Kila pigo likitua, wino ule mweusi hugeuka mweupe mbele ya macho yako, kama umenyunyiziwa chumvi. Weupe huo ni viputo vya gesi vilivyotokana na joto la ghafla. Hutoweka ndani ya dakika 20 au 30, na jina litarudi kuonekana karibu kama lilivyokuwa. Hapo wengi huvunjika moyo wakidhani hakuna kilichofanyika. Kwa jina moja kama lako, shughuli yote haizidi dakika kumi.

Jioni ya siku hiyo mkono utakuwa mwekundu, umevimba, na unawaka kama ulioungua jua. Kesho yake, au hata usiku uleule, unaweza kuota malengelenge, mengine makubwa yenye maji yaliyochanganyika na damu kidogo. Hayo ni ya kawaida. Usiyatumbue. Safisha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa pasipo kusugua, paka mafuta ya mgando, kisha funika kwa bandeji isiyonata kwenye kidonda, na ubadilishe kila siku hadi ngozi ifunge. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Magamba yakitokea, yaache yaanguke yenyewe, kwa sababu kovu nyingi ninazoziona baada ya leza nzuri zimeletwa na kucha za mgonjwa mwenyewe. Usiogelee mpaka pafunge kabisa, na ukikinge na jua kidonda hicho kwa nguo ndefu, baadaye kwa krimu ya kukinga jua yenye nguvu (SPF) ya 30 au zaidi. Ukiona usaha, ukapata homa, au wekundu ukazidi kutambaa badala ya kupungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kisha subiri. Wiki 6 hadi 8 ndio muda mfupi kabisa ninaoukubali, na mimi hupendelea zaidi ya 8. Tatuu itaendelea kufifia muda huo wote bila kuguswa. Ama kuhusu ngozi kurudi kama ulivyozaliwa, inaweza kukaribia hapo, na kwa wino mweusi una nafasi nzuri. Hata hivyo wapo wanaobaki na kivuli hafifu cha maandishi, kinachoonekana tu mwanga ukipiga kwa upande, na ni vyema ujiulize leo kama kivuli hicho utaweza kuishi nacho.

Daktari, ngozi yangu ni nyeusi sana, na nina uvimbe wa kovu sikioni tangu nilipotoboa nikiwa kijana. Nina tatuu kifuani. Nimeambiwa kwamba leza ni ya watu weupe, na kwamba mimi nitabaki na baka jeupe. Saluni iliyo karibu na kazini kwangu ina mashine ya leza ya kuondoa nywele na wanasema inafuta pia tatuu.

Ndugu yangu, una maswali matatu, na hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu, kwa hiyo naanza nalo: usikubali. Leza ya nywele hutoa mapigo yanayopimwa kwa milisekunde, na milisekunde moja ni nanosekunde milioni moja. Mashine hiyo imeundwa kuchemsha shina la unywele taratibu. Ikielekezwa kwenye wino, joto halitapasua chochote, bali litasambaa na kupika ngozi yako. Ndivyo ilivyo pia kwa zile taa za mwanga mkali wa mapigo ambazo si leza kabisa. Nimetibu kifua cha kijana aliyefanyiwa hivyo: herufi zote zilikuwa zimegeuka makovu yaliyoinuka, na wino ulikuwa bado umo ndani yake.

Si kweli kwamba leza ni ya watu weupe. Ukweli ni kwamba melanini, rangi ya ngozi yako, nayo humeza mwanga, na haijui kwamba mwanga huo umekusudiwa wino. Kiasi inachomeza hutegemea urefu wa wimbi. Leza ya YAG, iliyopewa jina la fuwele inayotoa mwanga wake, yenye wimbi la nanomita 1064 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), hupita kwenye melanini kwa usalama kuliko nyingine zote zinazotumika kwa tatuu, na kwa bahati njema ndiyo inayofaa wino mweusi. Kwa ngozi yako hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kwa nguvu ndogo, na kwa nafasi ndefu kati ya vikao. Hata hivyo mabaka yanaweza kutokea. Yale meusi zaidi ya ngozi huwapata wengi na kwa kawaida hufifia kwa miezi. Meupe huchelewa kurudi, na mara chache hayarudi. Ndiyo maana nasisitiza jaribio: upigwe mapigo machache pembeni mwa tatuu, pasipoonekana sana, kisha usubiri wiki 4 hadi 8 kabla ya kuamua lolote. Kama unapaka krimu za kung'arisha ngozi, mwambie daktari ukweli, kwani nyingine huwa na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe zinazoipunguza ngozi unene.

Kuhusu uvimbe wa sikioni, hiyo ni keloidi, na kifua ni mojawapo ya mahali ambapo keloidi hupenda kuota. Leza inayofanywa vizuri haichani ngozi, na makovu baada yake ni machache, lakini kwako tahadhari ni mara mbili. Angalia tatuu yenyewe kwa kidole: je, mistari yake imelala sawa na ngozi au imeinuka? Kama imelala, ina maana kifua chako kilivumilia sindano elfu kadhaa bila kuota keloidi, na hiyo ni dalili njema, ingawa si hakikisho. Kama imeinuka, kwanza tibu kovu.

Nina tatuu ya ua begani, jekundu, lenye majani ya kijani na kitovu cha njano. Miaka minne baada ya kuchorwa, sehemu nyekundu imevimba na kuniwasha mno, hasa usiku. Nataka leza iondoe yote ili niondokane na muwasho.

Hapa naomba usimame kwanza. Muwasho na uvimbe unaofuata rangi moja tu, ukiacha nyingine zimetulia, mara nyingi ni mzio wa rangi hiyo, na nyekundu ndiyo inayoongoza kwa jambo hili. Leza ya kawaida ya tatuu huvunja rangi hiyo vipande vidogo na kuiachia mwilini, na wapo wagonjwa waliotoka kwenye kikao wakavimba na kuwashwa mwili mzima. Anza na daktari wa ngozi, ambaye huenda akakata kipande kidogo akipime, kwa sababu kuna maradhi mengine, kwa mfano sakoidosisi, ugonjwa wa kinga unaoleta vinundu mwilini, ambayo hujitokeza kwanza kwenye tatuu. Sindano au krimu ya steroidi hutuliza wengi. Isipotuliza, upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo unaweza kuwa njia salama zaidi kuliko leza.

Uvimbe ukishatibiwa na daktari akiridhika kwamba leza inafaa, jua kwamba rangi zako hazitaondoka kwa mwendo mmoja. Wino mwekundu ni mwekundu kwa sababu humeza mwanga wa kijani na kurudisha mwekundu. Kwa hiyo huvunjwa na leza ya kijani, ya nanomita 532. Majani yako ya kijani humeza mwanga mwekundu, na huhitaji leza ya nanomita 694 au 755. Mashine yenye wimbi moja haiwezi kumaliza ua lako, hata ukirudi mara ishirini. Njano ni ngumu, nyeupe ni ngumu zaidi. Halafu mawimbi hayo mafupi ndiyo yale yale yanayopendwa na melanini, kwa hiyo kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo rangi hizi zinavyokuwa na gharama ya mabaka. Ukiulizia kliniki, usiulize jina la mashine. Uliza ina mawimbi mangapi, na yupi atakayeishika.

Kuna krimu inauzwa mtandaoni inayofuta tatuu kwa miezi mitatu, na rafiki yangu ametumia tindikali ya kuondoa sugu. Ni salama?

La. Krimu haifiki kwenye tabaka wino ulipo. Kama ingefika, ingekuwa imekwisha kukutoa kidonda. Tindikali hufika kwa kuiunguza ngozi yote iliyo juu, na kinachobaki ni kovu la kuungua lenye umbo la tatuu. Mwambie rafiki yako aache leo na aonwe na daktari, hasa kama ngozi imegeuka nyeupe au haina hisia, kwa sababu hizo ni dalili za kuungua kwa kina. Ni afadhali kuishi na tatuu usiyoipenda kuliko na kovu lisilofutika kwa njia yoyote.

Nina mimba ya miezi minne na nimeshafanya vikao viwili. Niendelee?

Ahirisha mpaka utakapojifungua na, kwa maoni yangu, mpaka umalize kunyonyesha. Hakuna uthibitisho kwamba leza humdhuru mtoto, lakini hakuna pia uthibitisho wa kutosha wa usalama wa vipande vya wino na krimu za ganzi kwa wakati huu, na ngozi ya mjamzito hufanya mabaka kwa urahisi. Hupotezi chochote kwa kusubiri. Wino uliokwisha kuvunjwa utaendelea kuondoka, na ukirudi baada ya mwaka unaweza kukuta kazi imepungua.

Nilichorwa nyusi za kudumu, za rangi ya kahawia. Sasa zimekuwa kama kijivu chenye wekundu na zimeshuka chini ya nyusi zangu halisi. Leza itazitoa?

Inaweza, lakini nyusi ni kazi ninayoiogopa kuliko mgongo mzima. Wino za urembo za rangi ya kahawia, ya waridi au ya ngozi mara nyingi huwa na oksidi ya chuma, yaani kitu kimoja na kutu, au oksidi nyeupe ya titani iliyotiwa ili kuilainisha rangi. Zikipigwa na leza, kemikali hizo hubadilika papo hapo na kuwa nyeusi au za kijivu. Mgonjwa huinuka kitandani akiwa na nyusi nyeusi kuliko alizokuja nazo. Weusi huo kwa kawaida unaweza kuondolewa kwa vikao vya baadaye, lakini ni vya ziada, na si kila mara huisha. Kwa hiyo jaribio kwako si la hiari: pigo moja au mawili kwenye ncha ya unyusi, usubiri, utazame.

Jambo la pili ni macho. Karibu namna hiyo na jicho, miwani ya kawaida haitoshi; daktari anayejua kazi yake atakutia matone ya ganzi na kukuwekea vifuniko vya chuma chini ya kope, moja kwa moja juu ya mboni. Asiyekuwa navyo asiguse nyusi zako. Nywele za nyusi nazo zinaweza kugeuka nyeupe au kudondoka kwa muda, kisha zikarudi.

Nimefanya vikao vitano, kila baada ya wiki nne, kwenye tatuu iliyo juu ya kifundo cha mguu. Vitatu vya kwanza ilififia vizuri, sasa naona imegoma. Navuta sigara pakiti moja kwa siku, kama hilo lina uhusiano. Niache au niongeze nguvu ya mashine?

Lina uhusiano, na nakushukuru kwa kulisema bila kuulizwa. Utafiti ule wa Italia niliomtajia dada wa barua ya kwanza uligundua kwamba uvutaji sigara hupunguza kwa kiasi kikubwa nafasi ya tatuu kuondoka ndani ya vikao 10. Ukagundua pia kwamba tatuu za miguuni huchelewa, na kwamba wanaorudi kabla ya wiki 8 hupata matokeo mabaya kuliko wanaosubiri. Wewe una yote matatu kwa pamoja. Mguu uko mbali na moyo, damu na majimaji ya limfu hupanda kutoka huko kwa shida, na sigara hubana mishipa midogo ileile inayotegemewa kubeba wino. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2009 na William Kirby, Alpesh Desai na wenzao, ambacho madaktari wengi hutumia kukadiria idadi ya vikao, kinahesabu mahali tatuu ilipo kuwa moja ya mambo sita, pamoja na aina ya ngozi, rangi, wingi wa wino, kovu, na kama tatuu imechorwa juu ya nyingine.

Usiongeze nguvu ya mashine. Hilo ndilo kosa ambalo wagonjwa na wahudumu hulifanya pamoja, kila mmoja akitaka kumridhisha mwenzake: tatuu ikichelewa, moto unapandishwa, na kovu linazaliwa. Kovu likishatokea, wino uliobaki hunaswa ndani yake na huwa mgumu zaidi kutoka. Ongeza muda. Kaa miezi mitatu au minne bila kuguswa, punguza sigara kwa kadiri unavyoweza, na heri uiache. Usiku lala na mguu umeinuliwa juu ya mto kwa siku chache baada ya kila kikao, kwani miguu huvimba kuliko mikono. Baada ya hapo, kama tatuu bado imesimama, ndipo swali la kuhamia leza ya pikosekunde linapokuwa na maana.

Ipo pia njia ya kati ambayo wengi hawaambiwi. Kama lengo lako ni kufunika mchoro wa zamani kwa mwingine unaoupenda, huhitaji kufika mwisho. Kwa tatuu nyingi vikao viwili hadi vinne huififisha kiasi cha kumpa mchoraji nafasi ya kufanya kazi yake, na wewe huenda umekwisha kufika hapo. Ngozi ipumzishwe miezi kadhaa kabla ya sindano mpya kuigusa.

Kabla ya kuamua, fanya jambo moja. Jicho linaloitazama tatuu kila asubuhi haliwezi kuiona ikififia, na huenda "imegoma" yako si kugoma. Tafuta picha iliyopigwa kabla ya kikao cha kwanza, piga nyingine leo mahali palepale, kwa mwanga uleule wa dirishani na si wa taa, na uziweke ubavu kwa ubavu. Ukirudi kliniki, zitoe kabla hujalala kitandani, na mwombe anayekutibu azitazame pamoja nawe mstari kwa mstari.